Wati Elfu Moja za Nini? Kabla Hujamlipa Muuzaji wa Sola

Ukiingia Kariakoo ukauliza bei ya umeme wa jua wa nyumbani, utajibiwa kwa mfumo mzima: ipo ya wati 1,000, ipo ya 3,000, ipo ya 5,000. Mteja hubeba tarakimu hizo, huzunguka maduka matatu, kisha hununua kwa aliyetaja bei ya chini. Asichoambiwa ni kwamba wati hizo, mara nyingi, ni za inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri ufanane na wa TANESCO. Inveta haizalishi umeme wala haiutunzi. Friji yako kuvuka usiku kunategemea wati za paneli na ujazo wa betri, na hizo mbili ndizo zinazoandikwa kwa maandishi madogo, au haziandikwi kabisa.

Chukua mfumo wa "wati 1,000" unaouzwa na paneli moja ya wati 200 na betri moja ya ampea-saa (AH) 100. Kwa jua la Pwani, paneli hiyo itakuingizia kama wati-saa 900 kwa siku nzuri. Ukitoa kinachopotea kwenye joto, vumbi, waya na inveta yenyewe, zinabaki 675 hivi. Friji ndogo peke yake inaweza kula 900. Hapo hujawasha taa hata moja. Muuzaji hajasema uongo: ukiwasha kwa dakika chache kifaa cha wati 1,000, inveta itakibeba. Amekuuzia ukubwa wa mlango, wewe ulidhani unanunua ukubwa wa ghala.

Ndiyo maana kumtafuta muuzaji kunaanzia nyumbani, na karatasi na kalamu. Tuseme nyumba iko Mkuranga. Ina taa sita za LED za wati 7 zinazowaka saa tano, televisheni ya inchi 32 inayokula wati 50 kwa saa tano, king'amuzi cha wati 15 kwa muda huohuo, feni mbili za wati 50 zinazozunguka saa saba za usiku, simu nne za kuchaji, na friji ndogo. Zidisha wati kwa saa. Taa zinakula wati-saa 210, televisheni 250, king'amuzi 75, feni 700, na simu ziwekee 60. Friji haihesabiwi hivyo, kwa sababu mota yake huwaka na kuzima yenyewe siku nzima. Kwa joto la Mkuranga mimi huiwekea 900. Jumla ni 2,195, tuite 2,200, ambazo kwa lugha ya LUKU ni uniti 2.2.

Aliye na LUKU tayari, anayetaka sola ili asisumbuliwe na kukatika kwa umeme, ana njia fupi zaidi. Asome uniti zilizobaki asubuhi moja, asome tena kesho yake saa ileile bila kununua nyingine, atoe. Tofauti ndiyo matumizi yake halisi, na ni sahihi kuliko makisio ya fundi yeyote.

Kutoka kwenye matumizi tunakwenda kwenye paneli. Jua huwaka kwa saa kumi na mbili, lakini nguvu ya siku nzima ukiikusanya pamoja, Pwani unapata kama saa nne na nusu hadi tano za jua kamili. Dodoma na Singida hupata zaidi. Lakini mfumo haupimwi kwa jua la Januari, unapimwa kwa masika, Aprili na Mei, mawingu yakiwa yamekaa siku tatu mfululizo. Kwa hiyo nachukua saa nne. Wati-saa 2,200 nagawa kwa 0.75 kufidia kinachopotea njiani, napata karibu 2,930. Nagawa kwa nne, napata wati 730. Paneli mbili za wati 400 zinatosha na kubakiza kidogo. Kwenye nyanda za juu za kusini, ambako ukungu hukaa hadi saa nne asubuhi, ningeongeza ya tatu.

Betri ndiyo inayokula fedha, na ndipo penye udanganyifu mwingi. Betri za risasi na tindikali, zikiwamo zile zinazoitwa jeli, hazipendi kushushwa chini ya nusu. Ukizimaliza kila usiku, hazitamaliza mwaka wa pili. Ili zikupe wati-saa 2,200 huku ukiheshimu nusu hiyo na kufidia upotevu wa inveta, unahitaji ujazo wa karibu 4,900. Betri nne za volti 12 zenye AH 100 zina 4,800, kwa hiyo zinafika kwa taabu. Betri za lithiamu za aina ya fosfati ya chuma hutoa hadi asilimia 80 ya ujazo wake bila kulalamika, hivyo ujazo wa 3,050 unatosha, na moja ya volti 25.6 yenye AH 150, ambayo ina 3,840, inakaa vizuri. Rudisha sasa macho kwenye ule mfumo wa duka wenye betri moja ya AH 100. Ujazo wake ni 1,200, na unaoweza kutumika ni nusu yake.

Hesabu zote hizi hazizidi za darasa la saba. Zimeandikwa hapa kwa sababu moja: ndizo kipimo cha muuzaji. Ingia dukani bila kuitaja karatasi yako, umsikilize anachouliza kwanza. Yule wa kumwamini atataka kujua una vifaa gani na unavitumia saa ngapi. Atauliza unaishi wapi, paa ni la bati au vigae, upande gani una mwembe unaotia kivuli, na kama mwakani unategemea kuongeza pampu ya maji. Ukimwambia una pasi ya umeme na jagi la kuchemshia maji, atakuna kichwa, kwa kuwa pasi hula wati 1,000 na zaidi, na jagi hufika 2,000. Akikushauri uendelee na mkaa au gesi kwa kazi hizo, umepata mtu. Anayesema "hiyo inaendesha kila kitu, mama, usiwe na wasiwasi," mshukuru kwa soda uondoke.

Wapo wauzaji wanaoanza na swali la bajeti. Siwaiti wezi. Biashara ya mjini ndivyo ilivyo, na mteja asiyejua anachohitaji humlazimisha muuzaji kumkatia kipande kinacholingana na mfuko. Lakini mfumo uliokatwa kwa mfuko hushindwa mwezi wa pili. Kama fedha haitoshi, afadhali kupunguza matumizi kwa makusudi, kwa mfano kuanza bila friji, kuliko kununua friji na mfumo usioweza kuibeba.

Baada ya maongezi, omba profoma, na usikubali iliyoandikwa "seti moja ya sola". Kila kifaa kiwe na mstari wake: mtengenezaji, modeli, wati za paneli, volti na AH za betri pamoja na aina yake, nguvu ya inveta kwa kilowati na si kVA peke yake, aina ya kontrola ya kuchajia na ampea zake, unene wa nyaya kwa milimita za mraba, vikata umeme, usafiri na ufundi. Ukiwa na profoma mbili au tatu za namna hiyo, acha kulinganisha jumla. Gawa bei ya paneli kwa wati zake. Gawa bei ya betri kwa wati-saa zinazotumika kweli, yaani nusu ya ujazo kwa risasi na asilimia 80 kwa lithiamu. Mara nyingi betri iliyoonekana ghali hushuka na kukaribia ile ya rahisi. Ukikumbuka kwamba lithiamu iliyo bora huchajiwa na kushushwa mara elfu tatu na zaidi, ilhali ya risasi huishia kwenye mamia, mjadala unakwisha. Kwa nyumba ya kuishi, mwenye uwezo anunue lithiamu. Ya risasi naishauri pale tu fedha inapokataa kabisa, na betri ya gari siishauri popote: imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, na kuishusha taratibu usiku kucha ni kuiua.

Sasa bidhaa zenyewe. Feki zipo Kariakoo, zipo Luthuli Avenue kule Nairobi, na zipo kwenye minada ya wilayani, na nyingine zimeandikwa majina makubwa. Bahati nzuri fizikia haifanyiwi ufeki. Paneli nzuri za leo hutoa kama wati 200 kwa mita ya mraba, zilizo bora sana 230 hivi. Nenda na futi kamba. Paneli ya kweli ya wati 400 ina urefu wa karibu mita 1.7 na upana wa mita 1.1. Ukiuziwa ya "wati 300" yenye urefu wa mita moja na upana wa sentimita 67, eneo lake halifiki hata mita moja ya mraba, na haiwezi kutoa wati 300 hata ukiipeleka jangwani. Geuza nyuma usome kibandiko: volti za Vmp ukizizidisha na ampea za Imp lazima upate wati zilizoandikwa. Muuzaji anayejiamini atakuruhusu uitoe nje saa sita mchana fundi wako aipime kwa malti­mita, aone kama ampea zinakaribia za kibandiko.

Betri ipimwe kwa mzani. Ya jeli ya volti 12 na AH 100 haiwi chini ya kilo 25 hivi, na nyingi hugonga 28 hadi 30, kwa sababu risasi ni nzito na haina mbadala. Ikiwa na kilo 18, kilichomo ndani kinalingana na kilo 18. Lithiamu ya ujazo huo ni nyepesi kihalali, kilo 11 hadi 13, kwa hiyo mzani huo usiuchanganye. Kontrola nazo zimeingiliwa: kuna visanduku vyepesi kama simu vilivyoandikwa MPPT, ile aina ya ghali, kwa herufi kubwa, na ndani ni PWM ya kawaida. MPPT ya kweli ina koili na bati la kupoozea joto, utausikia uzito wake mkononi. PWM si mbaya kwa mfumo mdogo. Ubaya ni kuilipia bei ya nyingine, na kuifunga na paneli kubwa za volti nyingi ambazo itatupa sehemu ya nguvu zake.

Vyeti navyo viulizwe. Paneli iwe imepimwa kwa viwango vya kimataifa IEC 61215 na IEC 61730, cha kwanza kuhusu uimara na cha pili kuhusu usalama. Kwa vifaa vidogo vya taa na redio vinavyouzwa kwenye boksi moja, kuna mpango wa upimaji unaoitwa VeraSol, uliorithi kazi ya Lighting Global ya Benki ya Dunia. Orodha yake ya bidhaa zilizofaulu iko wazi mtandaoni, na kuitazama kwa simu kunachukua dakika mbili. Tanzania ukaguzi wa viwango ni kazi ya TBS. Mwombe mwagizaji, si mchuuzi wa mwisho, akuonyeshe karatasi zake.

Hapa niseme jambo ambalo watu wengi hulipita haraka: unachagua mtu atakayerudi. Paneli huja na dhamana ya miaka 25 ya kutopungua nguvu kupita kiasi. Ni ahadi ya kweli kwa kampuni nyingi kubwa, lakini uliyemlipa ni duka lililofunguliwa mwaka juzi, na mtengenezaji yuko China. Swali si dhamana ina miaka mingapi. Ni nani anayeipokea simu, betri inapimwa wapi, nauli ya kuipeleka ni ya nani, na wakati inasubiriwa mpya mnakaa gizani au mnapewa ya kuazima? Majibu yaandikwe. Nambari za usajili za kila betri, inveta na paneli ziingie kwenye risiti ya EFD, la sivyo muuzaji atakuambia kesho kuwa kifaa hicho si chake.

Hata kampuni kubwa si kinga. Mobisol ya Berlin ilikuwa miongoni mwa majina makubwa ya sola za kulipia kidogo kidogo Tanzania, Rwanda na Kenya. Aprili 2019 ikaingia kwenye ufilisi, na mwaka huohuo ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa. Wateja wake walibahatika kwamba mnunuzi alipatikana. Kwa mifumo ya mkopo jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa kifaa hufunguliwa kwa namba unazotumiwa baada ya kulipa kwa simu. Uliza mapema: nikimaliza deni, kifaa kinafunguka moja kwa moja au kinaendelea kutegemea kompyuta yenu? Betri ikifa mwaka wa pili na mkopo ni wa miaka mitatu, naendelea kulipa? Halafu piga hesabu ya jumla. Shilingi 1,500 kwa siku zinasikika kama hela ya vitumbua, lakini kwa miaka mitatu ni 1,642,500, bila malipo ya kwanza. Kwa familia isiyo na njia ya kukusanya fedha kwa mkupuo, mkopo huo ni msaada halisi na siupingi. Nasisitiza tu ujue unalipa kiasi gani, na kwa wati ngapi.

Kuhusu mafundi, Tanzania leseni za kufunga mifumo ya umeme hutolewa na EWURA, ambayo ina ofisi za kanda unakoweza kuihakiki. Kenya ni EPRA, na mafundi wa sola wana madaraja T1, T2 na T3, hilo la mwisho likiwa la juu. Leseni hailingani na ustadi, nakubali, lakini asiyekuwa nayo hana cha kupoteza akikuharibia nyumba. Omba pia wateja wake wa zamani, na hapa wengi hukosea: huomba wa mwezi uliopita. Kila mfumo hufanya kazi mwezi wa kwanza. Omba aliyefungiwa miaka mitatu iliyopita, ikiwezekana wilaya yenu, umuulize maswali mawili tu. Saa kumi na moja alfajiri, wakati wa masika, taa bado zinawaka? Na mara ya mwisho ulipompigia simu fundi huyu, alikuja baada ya siku ngapi? Mtu wa Tunduru anayenunua kwa fundi wa Dar es Salaam kwa sababu ya tofauti ya laki moja ataitumia laki hiyo kwenye nauli ya kwanza.

Kuna maswali machache ya kiufundi unayoweza kumtupia bila kuwa fundi. Muulize paneli zitaelekea wapi. Tanzania yote iko kusini ya ikweta, kwa hiyo zielekee kaskazini, kwa mwinamo mdogo wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi. Anayezielekeza kusini amejifunza kwenye video za Ulaya. Nairobi, jirani kabisa na ikweta, mwelekeo hauna uzito huo, mwinamo wa kuoshea vumbi unatosha. Muulize ataacha nafasi gani kati ya paneli na bati. Bila upepo wa kupita chini, paneli hufika nyuzi joto 60 na kupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyopimwa maabara kwa nyuzi 25.

Muulize unene wa waya. Kwenye mfumo wa volti 12, ampea 10 zikisafirishwa mita 10 kwa waya wa milimita 1.5 za mraba, volti 2.3 hupotea njiani kwenda na kurudi, karibu moja ya tano ya umeme wote. Kwa waya wa milimita 6 hupotea nusu volti na kidogo. Mafundi wengi hubania hapo kwa sababu waya hauonekani ukishafichwa juu ya dari. Na vikata umeme vya upande wa paneli na betri viwe vya DC: cheche ya umeme wa DC haijizimi kirahisi, na kikata umeme cha kawaida cha ukutani kinaweza kuungua kikiwa kazini. Kwa walio Kagera na ukanda wote wa Ziwa Victoria, ambako radi si habari ngeni, waya wa ardhini na kinga ya radi visiwe vya hiari. Nyumba yenye TANESCO pia iwe na swichi ya kubadilishia, ili umeme wako usirudi kwenye nguzo na kumkuta fundi wa shirika akidhani laini imekufa.

Inabaki malipo. Lipa fungu la vifaa baada ya kuviona, kuvipima na kuandika nambari zake, wala si kwa picha ya WhatsApp. Lipa ufundi mfumo ukiwaka. Lakini shikilia asilimia 10 hadi 20 ya jumla kwa mwezi mmoja, sharti liandikwe kwenye profoma kabla hujatoa hata shilingi, na ndani ya mwezi huo vitumie vifaa vyote ulivyovitaja mwanzo, usiku kucha, siku za mawingu zikiwamo. Fundi anayejua hesabu yake hulikubali sharti hilo. Akilikataa, mwache, utafute mwingine.